Mbono ku lupango ndiyo, ku shamba yote hapana

Bandugu vijana ba Likasi, kama mutu anawaletea mradi wa mbono, ao jatrofa, muti wenye hauogope jua, tusikimbilie kutia sahihi.

Ni kweli, mbono unavumilia ukame. Lakini kuvumilia hapana kuzaa: bila maji na mbolea, mbegu inakuwa kidogo. Ku Kenya, uchunguzi wa mwaka 2009 ulionyesha kama mukulima anapata faida ku lupango tu. Ku Tanzania, vijiji 11 vya Kisarawe viliachia Sun Biofuels zaidi ya hekta 8,000. Mwaka 2011 kampuni ikaanguka. Batu wakabaki bila kazi na bila mashamba.

Sisi watoto ba shaba tunajua hiyo hadithi. Kutegemea kitu kimoja kuliacha baba zetu bila mushahara.

Basi, tupande mbono ku lupango: mbuzi haikule majani yake, na mafuta inatengeneza sabuni. Tuchunge watoto, mbegu iko na sumu. Lakini shamba ya mahindi ibakie ya mahindi. Na mukataba usomwe mbele ya bote, kwa luga yenye mama zetu wanasikia.

Udongo ni wetu. Tuulize mbele ya kupanda.