Tusiombe trakta kubwa, tuombe ile fundi wa Baraka anaweza kuifungua

Katika mikutano miwili ya vyama vya wakulima niliyofuata hapa Baraka, swali lilikuwa moja: wafadhili wakikubali, tuombe trakta gani? Mara zote mbili jibu lilitoka haraka: kubwa. «Kubwa ndiyo ngumu,» alisema mzee mmoja, na watu wakapiga makofi. Kwa heshima yote, mzee wangu, mimi sikupiga.

Ninajua trakta moja ya nguvu za farasi zaidi ya 100 iliyoletwa na mradi fulani. Ililima msimu mmoja. Mazutu ya bidoni ilikuwa na maji, pampu ikaharibika, na pampu hiyo inaongozwa na kompyuta ambayo hakuna fundi wa hapa mwenye chombo cha kuisoma. Sasa inasimama chini ya mwembe, kuku wanalala kwenye kiti cha dereva. Nguvu ilikuwa nayo, sikatai. Lakini nguvu si ugumu.

Tuzipime moja moja. Kuna zile ndogo za kusukuma kwa mikono, za farasi 12 hadi 15, ambazo ng'ambo ya ziwa Watanzania wanaziita pawatila. Kwa mpunga wa bonde la Mutambala zinafaa: ni nyepesi, hazizami sana kwenye tope. Ila ukiipeleka kwenye udongo mkavu wenye visiki, inaruka mikononi, mikanda inakatika na dereva anachoka kabla ya saa sita. Watanzania waliliona hilo baada ya kuanza Kilimo Kwanza mwaka 2009: penye mpunga zilisaidia, penye udongo mgumu nyingi zilisimama.

Zile kubwa zinapenda tambarare ndefu, kama kule Lulimba. Kwenye shamba la nusu hekta, zinamaliza muda kwa kugeuka. Zinakunywa mazutu nyingi, na uzito wake unakandamiza udongo wenye maji. Tukumbuke pia Bukanga-Lonzo. Serikali ilizindua shamba lile mwaka 2014 kwa mashini kubwa kubwa, na mwaka 2017 kazi ilisimama katika mabishano ya pesa. Pale hazikukosa farasi.

Zinabaki za kati, za farasi 45 hadi 65. Mfano ni Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964: injini ya Perkins ya pistoni tatu, bila kompyuta yoyote. Ilikoma kutengenezwa Uingereza miaka ya 1970, lakini bado utaikuta ikilima Afrika Mashariki. Si kwamba haiharibiki. Inakwama kwenye tope, na dereva mzembe anachoma klachi. Lakini fundi anayefungua injini ya lori anaweza kuifungua, na pyesi ikitafutwa Kigoma, inaweza kuvuka ziwa kwa boti hata kama barabara ya Uvira imekatika.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi wa vyama, kabla ya kutia sahihi, waulize mambo matatu: pyesi zitatoka wapi? Fundi ni nani, na anakaa wapi? Nani anatunza pesa ya oili na filta kila msimu? Mfadhili asipojibu, mwambieni abadilishe: badala ya kubwa moja, alete ya kati moja, sanduku la pyesi, na masomo ya ufundi kwa vijana wetu wawili. Wenye mpunga waongezewe ndogo.

Septemba mvua itaanza. Mama anayesubiri kulimiwa shamba la muhogo hatauliza trakta ina farasi ngapi. Atauliza kama inakuja leo, au arudi kwenye jembe lake.