Jezi Kongwe na Tadlisi Sokoni

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona jarida linalosomwa misikitini likishughulika na nguo kuukuu za wacheza mpira. Hatukusudii kujadili hapa kama kandanda ni burudani au ni upuuzi, wala hatuna haja ya kujua nani anashabikia timu gani. Tunalotaka kulizungumzia ni biashara ambayo imekwishaingia mikononi mwa vijana wetu, tena vijana wanaoswali nasi, na ambayo hatujasikia khatibu hata mmoja akiigusa.

Kwa wasiolijua jambo lenyewe, wapo watu, wengi wao Ulaya, wanaokusanya jezi za zamani kama wengine wanavyokusanya stempu na sarafu. Wanaitaka jezi ile ile iliyoshonwa katika zama zake, si nakala iliyofanywa baadaye. Jezi ya rangi ya chungwa waliyoivaa Uholanzi walipotwaa ubingwa wa Ulaya mjini Munich tarehe 25 Juni 1988 ni miongoni mwa zinazogombewa sana. Nyingine ni ile nyeupe ya Ujerumani Magharibi, yenye mkanda wa rangi za bendera kifuani, aliyoibuni Bibi Ina Franzmann wa Adidas, na ambayo timu hiyo ilichukua nayo Kombe la Dunia kule Italia mwaka 1990. Mwaka 2006 vijana wawili wa Manchester, Doug Bierton na Matthew Dale, walianzisha duka la Classic Football Shirts baada ya mmoja wao kuhangaika kuitafuta jezi hiyo hiyo ya Ujerumani kwa ajili ya sherehe. Mwaka 2024 kampuni ya uwekezaji ya Marekani ilitia katika duka hilo dola milioni 38.5. Basi asidhani mtu kwamba tunasimulia mchezo wa watoto.

Nasi tunaingiaje? Marobota ya mitumba yanayofunguliwa kuanzia Gikomba hadi Ilala hutoka huko huko zilikovaliwa nguo hizo. Ndani ya robota, kati ya fulana mia zisizo na maana, mara nyingine hulala jezi moja ambayo mwenyewe aliitoa sadaka bila kujua anachokitoa. Vijana wetu wameligundua hilo. Huichomoa, huifua, huipiga picha kwa simu na kumtafutia mteja ng'ambo. Hilo ni jambo jema. Ni riziki ya halali, na inahitaji macho na elimu. Wanaowacheka vijana hawa kwamba wanauza matambara hatukubaliani nao, kwa kuwa thamani ya kitu ni ile wanayoiridhia muuzaji na mnunuzi, na nguo ya pamba au ya nailoni ni mali kama mali nyingine. Kutumia mamilioni kwa ajili ya fulana moja hali jirani ana njaa ni israfu, lakini hilo ni la mnunuzi na Mola wake.

Kilichotusukuma kushika kalamu ni swali la mmoja wa vijana waliowahi kusoma madrasa kwetu. Alipata katika robota jezi nyeupe ya Ujerumani ya mtindo ule wa 1990. Lebo ya ndani imekatwa. Mgongoni mna namba, na juu ya namba limechapwa jina la mchezaji mashuhuri. Mtu wa Ulaya amemwandikia akimuuliza kama ni ya asili, naye yuko tayari kulipa fedha ambazo kijana huyu huzipata kwa miezi mitatu. Akatuuliza: je, nikijibu kwamba ni ya mwaka 1990 nitakuwa nimesema uongo? Na nikinyamaza nikamtumia picha tu, akaamua mwenyewe?

Tulipolitafakari swali hili tuliona kwamba wanazuoni wetu walikwishalifanyia kazi tangu karne nyingi, ingawa si katika nguo. Wataalamu wa hadithi hutazama mambo mawili: sanad, yaani mnyororo wa waliopokezana habari, na matni, yaani maneno yenyewe. Hatulinganishi maneno ya Mtume (s.a.w.) na fulana, tunamwomba Allah atuepushe na hilo. Tunalolinganisha ni njia ya uchunguzi, na njia hiyo ni hazina ambayo Muislamu ana haki ya kuitumia hata sokoni.

Matni ya jezi ni jezi yenyewe. Nguo nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zina mapambo yaliyofumwa ndani ya kitambaa, ambayo huonekana ukiigeuza nguo kwenye mwanga. Mwenye kughushi, kwa kutaka urahisi, huyachapa juu juu. Nembo ya timu huwa imetariziwa au imechapwa kwa namna inayojulikana ya mwaka wake. Jezi za miaka ya karibuni zina lebo ndogo yenye namba ya bidhaa. Ukiitafuta namba hiyo kwenye intaneti ikakuletea picha ya viatu au ya jezi ya timu nyingine, umekwishapata jibu, kwa sababu waghushi hunakili namba moja wakaitia katika jezi za kila aina. Kisha kuna tarehe. Hapa tunamkumbuka al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria. Waziri Ibn al-Muslima aliletewa Baghdad waraka uliodaiwa kuwa wa Mtume (s.a.w.) wa kuwasamehe watu wa Khaybar jizya, ukiwa na majina ya Masahaba walioshuhudia. Al-Khatib aliutazama akasema ni wa kughushi. Miongoni mwa mashahidi alikuwamo Muawiya, naye alisilimu wakati wa kufunguliwa Makka, mwaka wa 8, ilhali Khaybar ilikuwa mwaka wa 7. Alikuwamo pia Saad bin Muadh, naye alikwishafariki mwaka wa 5. Hakuhitaji kuupima wino wala karatasi.

Sasa irudie jezi ya kijana wetu. Katika Kombe la Dunia la 1990 wachezaji hawakuwa na majina migongoni, walikuwa na namba tu. Majina yaliingia katika Kombe la Dunia mwaka 1994 kule Marekani, na Ligi Kuu ya England ilianza kuyatumia pamoja na namba za kudumu msimu wa 1993/94. Kwa hiyo jina lile ni Saad bin Muadh katika waraka wa Khaybar. Jezi hiyo, kwa namna ilivyo, haikuvaliwa na mchezaji yeyote uwanjani Italia. Lakini tusivuke mpaka. Haithibitiki kwa hilo peke yake kwamba kitambaa ni cha kughushi. Yawezekana jezi ni ya asili na shabiki alilitia jina baadaye kwa mapenzi yake. Wanafunzi wa mustalah wanalijua jambo hili: maneno ya mpokezi hupenyezwa ndani ya hadithi iliyo sahihi, ikaitwa mudraj, na mwanachuoni hulitenga lililopenyezwa bila kuitupa asili.

Kuhusu sanad, mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni jezi ya Diego Maradona. Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca mjini Mexico, Argentina iliitoa England katika robo fainali kwa mabao mawili ya Maradona, la kwanza akilifunga kwa mkono. Jezi zenyewe za samawati zilikuwa zimenunuliwa dukani mjini humo siku chache kabla, kwa kuwa kocha Bilardo alitaka nyepesi zaidi, na namba zikabandikwa kwa haraka. Steve Hodge, kiungo wa England ambaye ndiye aliyeupiga mpira ukarudi hewani kuelekea kwa golikipa wake kabla ya bao lile la mkono, alibadilishana jezi na Maradona walipokuwa wakielekea vyumbani. Aliiweka, akaiazima makumbusho ya mpira ya Uingereza kwa miaka mingi, na mwezi Mei 2022 ikapigwa mnada na Sotheby's kwa zaidi ya pauni milioni 7.1. Sanad fupi kiasi gani! Mtu mmoja tu kati ya mgongo wa mchezaji na nyumba ya mnada. Hata hivyo binti yake Maradona, Dalma, alijitokeza kabla ya mnada akasema hiyo ni jezi ya kipindi cha kwanza, na mabao yalifungwa kipindi cha pili. Hapo haikutosha kusema Hodge ni mkweli. Nyumba ya mnada ilibidi irudi kwenye matni: wataalamu walizilinganisha picha za mabao yale na mikunjo ya nembo, mistari na namba za jezi, na Sotheby's wakatangaza kwamba ndiyo yenyewe.

Tunaona hapa adabu ambayo wafanyabiashara wetu wengi hawana. Mwenye mali ya mamilioni hakukasirika kuulizwa ushahidi, ilhali muuzaji wetu akiulizwa lebo iko wapi hujibu kwa kiapo.

Kuna neno moja la Kiarabu linalotumika katika fani zote mbili, nalo ni tadlisi. Asili yake ni giza, au mchanganyiko wa giza na mwanga. Kwa watu wa hadithi, mudallis ni yule anayemficha mpokezi dhaifu kwa lafudhi yenye kuelekea huku na huku, ili msikilizaji adhani amesikia moja kwa moja kutoka kwa mtu mwaminifu. Hasemi uongo ulio wazi, anaacha ufahamike. Kwa mafakihi, tadlisi ni kuificha aibu ya bidhaa, na mfano wao maarufu ni mnyama aliyeachwa siku kadhaa bila kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Muuzaji yule naye hakutamka neno. Kiwele ndicho kilichosema kwa niaba yake. Mtume (s.a.w.) alilikataza hilo, akampa mnunuzi hiari ya kumbakiza mnyama au kumrudisha pamoja na pishi ya tende.

Picha inayoonyesha mgongo wenye jina na kuificha shingo iliyokatwa lebo ni kiwele kile kile. Vivyo hivyo mwenye kuifua nakala mpya mara ishirini na kuisugua chapa yake ili ionekane imekula miaka, na mwenye kuandika "ya mtindo wa 1990" akijua fika kwamba msomaji ataelewa "ya mwaka 1990".

Tumesikia hoja mbili katika kutetea haya, na zote ni mbovu, ijapokuwa si kwa kiwango kimoja. Ya kwanza ni kwamba mnunuzi yuko mbali, ni tajiri, wala si Muislamu. Hoja hii tunaona haya hata kuijibu. Amana haina pasipoti, na mababu zetu wa mwambao walioaminiwa na wafanyabiashara wa kila dini hawakuaminiwa kwa kuwapunja wageni. Ya pili ni kwamba kila mtu anajua jezi ya bei ndogo ni feki, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Hii ina sehemu ya ukweli. Ikiwa wote wawili wanajua, mnunuzi hakughushiwa. Lakini yupo wa tatu, mwenye nembo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988 liliamua kwamba majina na alama za biashara ni haki za wenyewe zinazolindwa kisheria na haijuzu kuzidhulumu. Tofauti na hao ni makampuni kama Toffs na Score Draw yanayoshona upya jezi za zamani na kutangaza wazi kwamba ni mpya. Asiyekuwa na fedha za asili akanunua hizo hana lawama, na anayeziuza kwa jina lake hana lawama pia.

(Wapo watakaouliza kuhusu jezi kongwe zenye matangazo ya pombe kifuani, kama zile za Liverpool za Carlsberg, kuanzia 1992 hadi 2010. Kuzivaa msikitini ni utovu wa adabu usiohitaji fatwa. Kuziuza tunaona ni afadhali kuziacha, na suala lenyewe linahitaji makala yake.)

Tukirudi kwa kijana wetu, tulimjibu hivi. Aandike: nimeipata katika robota la mitumba, simjui aliyeivaa, lebo imekatwa kabla haijanifikia, jina la mgongoni halikuwapo katika jezi za mashindano yale, na sina uhakika kama kitambaa ni cha mwaka ule. Aambatanishe picha ya shingo, ya mishono kwa ndani, na ya nembo kwa karibu. Bei aiweke kwa kile anachokijua, si kwa kile mnunuzi anachokitamani. Na ikiwa baada ya kuipokea mnunuzi ataona aibu ambayo haikutajwa, arudishiwe fedha zake, na gharama ya kuirudisha jezi iwe juu ya muuzaji. Akatuambia kwamba kwa maneno hayo huenda asipate hata robo ya fedha ile. Tukamwambia ndiyo, huenda.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.