SIHA YA JAMAA: Shingo ya Mtoto Aliyeanguka

Mji wa Kigali umejengwa juu ya vilima, na mtoto aangukaye mtini huko Nyamirambo, au agongwaye na pikipiki mteremkoni, huweza kubingirika mbali. Jirani mwenye huruma humwahi, akamnyanyua kwa makwapa, akampakia pikipiki. Huruma hiyo yaweza kumpoozesha.

Ndugu msomaji, kichwa cha mtoto ni kizito kikilinganishwa na kiwiliwili chake, na kano zifungazo pingili za shingo yake zingali laini. Kwa hiyo aliye chini ya miaka 8 huumia zaidi juu kabisa, pale fuvu lilipokalia shingo. Ugwe wa neva upitao hapo ndio uendeshao pumzi.

Basi asiondolewe alipo, ila kama pana hatari ya magari au ya moto. Pigeni 912, simu ya magari ya wagonjwa nchini Rwanda. Mmoja apige magoti kichwani pake, akishike kwa viganja viwili bila kukivuta. Akitapika, mgeuzeni watu watatu, kichwa na kiwiliwili pamoja, kama gogo. Alazwapo chali ubaoni, kisogo chake kikubwa huikunja shingo. Kunjeni kitenge, unene wa sentimita 2 au 3, mkitandike chini ya mabega na mgongo. Askari aliyezoea kubeba watu wazima aliangalie sana jambo hili.

Maji maangavu yakimtoka puani au sikioni, yamkini sakafu ya fuvu imepasuka. Msizibe kwa pamba.

Hospitalini, picha ya eksirei yaweza kuwa safi hali ugwe umeumia. Madaktari Pang na Wilberger wa Marekani waliandika habari hizo mwaka 1982. Kwa hiyo mtoto mwenye ganzi au mkono uliolegea huhitaji picha ya MRI. Mfupa uliovunjika huweza kuunga ndani ya fremu ya duara ishikwayo fuvuni kwa skrubu: mtu mzima hutiwa 4, mtoto mdogo 8 au zaidi, zikikazwa kidogo tu, maana fuvu lake ni jembamba. Mama huogopa kuitazama, nami simlaumu.

Lakini kano zishikazo fuvu na shingo zikikatika, kwa kawaida fremu haitoshi. Mpasuaji huunganisha fuvu na pingili kwa vyuma, akiongeza kipande cha mfupa wa ubavu au wa nyonga. Tangu hapo shingo hugeuka kidogo tu. Mwalimu aarifiwe, amketishe mtoto akiukabili ubao.