Dawa ya Mfadhaiko Haimalizi Kazi kwa Siku Kumi

Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Nakuru, ukishaupita mji wa Gilgil, moshi wa nyama choma wa Kikopey hukulaki kabla hujaviona vibanda vyenyewe. Hapo ndipo afanyapo kazi mgonjwa wangu mmoja, mchoma nyama. Alinijia akiwa hapati usingizi, chakula hakimpiti kooni, na kazi aliyoipenda imemchosha. Baada ya kumpima nilimwandikia fluoksetini. Siku ya kumi alirudi na tembe zilizosalia. "Daktari, dawa yako imeniletea kichefuchefu tu. Nimeiacha."

Sikumlaumu. Kosa lilikuwa langu, na naamini ni kosa la madaktari wengi: twaandika dawa bila kueleza inavyofanya kazi. Mgonjwa naye huiacha wakati ule ule ambapo ubongo umeanza kubadilika.

Je, hubadilika vipi? Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali, mojawapo ikiitwa serotonini. Fluoksetini huizuia isirudi upesi ndani ya seli iliyoitoa, na kazi hiyo huanza saa chache tu baada ya kumeza tembe. Mbona basi nafuu huchukua wiki mbili hadi sita? Kwa sababu huo ni mwanzo tu. Seli zinazoipokea kemikali hiyo hujirekebisha polepole, na mawasiliano baina ya sehemu za ubongo hujipanga upya. Ndiyo maana hatusemi tena kwamba mfadhaiko ni upungufu wa serotonini basi. Mambo ni mapana zaidi.

Mwaka 2000, daktari Helen Mayberg na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wachache waliotumia fluoksetini kwa wiki sita. Kwa mashine maalum walipima jinsi kila sehemu ya ubongo inavyotumia sukari, maana sehemu inayofanya kazi sana hutumia sukari nyingi. Wiki ya kwanza, waliokuja kupata nafuu na wasioipata walifanana. Wiki ya sita tofauti ilionekana. Kwa waliopata nafuu, sehemu za ndani zinazohusika na huzuni zilikuwa zimetulia, na zile za mbele, zinazotusaidia kufikiri na kupanga, zimeamka.

Nilipomweleza hayo, mgonjwa wangu alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Kumbe ni kama mkaa," akasema. "Kuwaka si kuiva."

Msomaji, sikudanganyi kwamba tembe humfaa kila mtu. Wapo wanaohitaji kubadilishiwa dawa, na wapo wanaopona kwa mazungumzo na mshauri aliyefunzwa. Lakini usiihukumu dawa kabla ya muda wake. Kichefuchefu na maumivu ya kichwa huja mapema na mara nyingi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Ukipata nafuu, usiikate ghafla. Kwa kawaida huendelea kutumiwa kwa miezi sita au zaidi, kisha daktari huipunguza kidogo kidogo. Na ile bia ya kuteremshia nyama iache, kwani pombe huzidisha mfadhaiko.

Enyi jamaa wa mgonjwa, msiziite "dawa za wazimu." Wiki za kwanza kaeni naye karibu, hasa akiwa kijana wa chini ya miaka 25. Akitaja kujiua au akizidi kuhangaika, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe ukiandikiwa dawa hii, usiondoke kabla ya kuuliza: itaanza kunisaidia lini, itanisumbua vipi, na nirudi lini? Daktari asiyekuwa na dakika tano za kukujibu hajamaliza kukutibu. Mchoma nyama wangu alianza upya. Safari hii nilimwandikia pia tarehe ya wiki ya sita, na nikamwambia asiache kabla hatujaonana.