Kinda la Mlembe na Mtoto wa Kulea



Hivi karibuni tulikuwa wageni katika nyumba moja yenye heshima zake. Sahani ilivunjika jikoni, na bi mkubwa wa nyumba, mzaliwa wa sehemu za warina asali, akasema kwa sauti: "Hayo ndiyo malipo ya kulea kinda la mlembe." Aliyekusudiwa ni mtoto wa ndugu yao marehemu, anayelelewa hapo. Mtoto akainamisha kichwa, akaendelea kuokota vigae. Sisi tulinyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikotufanya tuandike haya.

Kwa wasiomjua, mlembe ni ndege mdogo anayewaongoza watu mpaka mahali nyuki walipojenga. Mwaka 1989, Hussein Isack wa Kenya na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti wao kuhusu Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Katika sehemu wasizozizoea, warina asali wasio na ndege huyo walitumia wastani wa saa 8.9 kupata nyuki. Walioongozwa naye walitumia saa 3.2. Watu huchukua asali, naye hubakiwa na nta na majana.

Lakini ndege huyo huyo halei watoto wake. Jike hutaga yai katika tundu la ndege wengine, kama vile keremkerem, na mara nyingi huyatoboa mayai anayoyakuta humo. Kinda lake huanguliwa likiwa kipofu, lina ndoano kali kwenye ncha za mdomo, nalo huwadunga makinda wa mwenye nyumba mpaka wafe. Watafiti walirekodi jambo hilo kwa kamera huko Zambia na kulichapisha mwaka 2011. Walezi huendelea kulilisha kwa takriban mwezi mmoja.

Basi bi mkubwa hakusema uongo kuhusu ndege. Kosa lake ni kumpima binadamu kwa ndege. Kinda la mlembe halikufundishwa kuua, wala likikua halijifunzi kwa walezi wake kuwaongoza watu kwenye asali, maana keremkerem hawaifanyi kazi hiyo. Alivyozaliwa ndivyo alivyo, ubaya wake na wema wake pamoja. Mtoto wa binadamu sivyo alivyo. Lugha anayosema, adabu aliyonayo, hata namna anavyokaa kwenye sinia, vyote amevipata kwa waliomlea. Wazee wetu walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ajabu ni kwamba methali hii tunawasomea watoto wa kuwazaa, na wale wa kulea tunawasomea ile ya mtoto wa nyoka.

Huenda mtu akasema: mbona wapo watoto wa kulea waliowatesa walezi wao? Ni kweli, wapo. Na wapo wa kuzaliwa waliowatesa wazazi wao, ila hao tunawaita watundu, hatuwatafutii jina la ndege. Tena kinda la mlembe huwaondoa wenzake ili libaki peke yake. Mtoto yatima hakuja kumwondoa mtu. Amekuja kwa sababu yeye ndiye aliyeondokewa.

Ushauri wetu kwa familia ni mdogo. Mtoto wa kulea aitwe kwa jina la baba yake mzazi, kwani hiyo ni haki yake. Lakini asitengwe kwenye chakula, wala sare yake ya shule isiwe ya mwisho kununuliwa. Akikosea, akanywe kwa kosa lake, si kwa asili yake. Na wageni tukisikia neno kama lile, tuseme kwa upole hapo hapo, maana ukimya wetu mtoto huuhesabu kuwa ni kukubali.

Nanyi wanafunzi, kama darasani mnaye mwenzenu anayelelewa na watu, msimuulize mbele za watu wazazi wake wako wapi. Mwachieni aseme mwenyewe atakapotaka.

Sisi tutarudi katika nyumba ile, inshaallah. Bi mkubwa ni mtu wa kusikiliza, na tunayo maneno ya kumwambia. Yule mtoto tutamsalimu kwanza, kwa jina lake.