Mfuko bila maelekezo ni hasara

Vijana wenzangu, tujifunze kwa Tupperware. Earl Tupper alianza kuuza vyombo vyake Marekani mwaka 1946, lakini madukani havikutoka. Watu hawakujua kubana ule mfuniko. Brownie Wise akaviingiza majumbani, akawaonyesha akina mama namna ya kutoa hewa. Biashara ikapaa, mwaka 1951 kampuni ikaviondoa kabisa madukani.

Sisi tuna mifuko ya PICS, ya tabaka tatu. Kazi ni ileile: kuzuia hewa, dumuzi afe bila sumu. Lakini kwenye maduka mengi ya pembejeo hapa Moro unapewa mfuko, unalipa, unaondoka. Mkulima wa Matombo anafungia mahindi hayajakauka, yanaota ukungu, anasema mfuko feki. Mwaka unaofuata anauza yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini.

Msimamo wangu: muuzaji asiyeonyesha, msinunue kwake. Mahindi yakauke hadi unyevu wa 13%, na kila mfuko wa ndani ukamuliwe hewa, ufungwe peke yake. Na wewe kijana unayejua haya, beba mifuko, panda milimani, onyesha, uza. Hiyo nayo ni ajira.