Mwenzio Akipigwa na Radi, Mguse!

Mwezi huu habari za wivu na simu za usiku tuziweke pembeni kidogo. Nataka tuongee kuhusu radi. Sisi wa Mbeya na Iringa tunaijua vizuri, maana huku Nyanda za Juu Kusini mvua ikianza Novemba, mpaka Aprili ngurumo ni sehemu ya maisha. Swali langu ni moja tu: mwenzio akipigwa na radi mbele ya macho yako, utafanya nini?

Nimewauliza marafiki zangu wa Mwanjelwa na mashemeji zangu wa Iringa mjini. Mmoja alisema hamgusi mtu, eti bado ana umeme. Mwingine, tena msomi mzuri tu, akasema atamnywesha maziwa. Wa tatu angemfukia kwenye udongo ili umeme ushuke. Na yupo aliyeniambia kwamba kwao hakuna kumsogelea mpaka mzee wa mila afike. Jamani! Wote hawa wanawapenda wenzi wao, na wote wangewaacha wafe.

Sasa nisikilize. Mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Radi hupita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na ikishapita imepita. Si sawa na mtu aliyenaswa kwenye waya wa umeme, ambaye hutakiwi kumgusa mpaka umeme ukatwe. Wa radi unamgusa hapo hapo.

Kwa nini haraka hivyo? Radi inapompiga mtu, moyo unaweza kusimama ghafla, na pumzi ikakatika. Mara nyingi moyo hujiwasha wenyewe, lakini pumzi inachelewa kurudi. Asipopata hewa, moyo unasimama mara ya pili, na hapo kumrudisha ni kazi kweli kweli. Dakika hizo chache si za daktari wala za mganga. Ni za aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni wewe.

Fanya hivi. Kama radi bado zinapiga, mbebe au mburute hadi ndani ya nyumba imara au gari lenye bodi ya bati, kwa sababu radi inaweza kupiga pale pale tena. Mwite kwa sauti, mtikise bega. Kama haitiki na hapumui, au anavuta hewa moja moja kwa shida, mtume mtu apige simu 112 na atafute gari, wewe anza kazi. Mlaze chali. Weka sehemu ya chini ya kiganja katikati ya kifua chake, mkono wa pili juu yake, nyoosha viwiko, kandamiza kwa nguvu kiasi cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukifika 30, inua kidevu chake, bana pua, mpulizie hewa mdomoni mara 2 mpaka uone kifua kinapanda. Rudia. Ukichoka, mpokezane. Usiache mpaka apumue au wataalamu wafike. Shemeji yako akikushangaa unambusu mgonjwa, mwache ashangae.

Akiwa anapumua ila hajitambui, mlaze ubavu. Asipewe maziwa, maji wala dawa yoyote mdomoni, atapaliwa. Palipoungua mwagia maji safi ya baridi, usipake dawa ya meno wala mafuta.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hatulijui. Radi inaweza kuangusha watu wengi kwa pamoja. Juni 2011 iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi Runyanya, Uganda. Oktoba 2018 iliua wanafunzi 6 wa shule ya Emaco Vision kule Geita na kujeruhi wengine wengi. Ikitokea hivyo, anayelia na kugumia anapumua, atakusubiri. Kimbilia kwanza aliyenyamaza kimya kama maiti, maana huyo ndiye anayekuhitaji sasa hivi.

Habari njema ni kwamba karibu watu 9 kati ya 10 wanaopigwa na radi hawafi. Miguu inaweza kupooza na kuwa ya baridi, kisha ikarudi baada ya saa chache. Hata akisimama na kusema yuko fiti, mpeleke hospitali akapimwe moyo, masikio na macho. Mjamzito ndiyo kabisa, asikae nyumbani.

Ila tiba haiishii hospitali, na hapa nazungumza na wewe uliye kwenye ndoa au uchumba. Aliyenusurika anaweza kukaa miezi, hata miaka, akisahau vitu, akikosa usingizi, akiumwa kichwa, akisikia mlio masikioni, au akikasirika kwa jambo dogo. Utaanza kusema, "Huyu siyo yule niliyempenda." Ni yule yule, anaumwa. Mrudishe kwa daktari, mwandikie ya kukumbuka, na usimfokee mbele ya watoto.

Halafu kuna maneno ya mtaani. Eti ametupiwa radi, eti aliiba mali ya watu, eti nyumba ile ina mikosi. Nimeona watu wakisitisha hata kusalimiana na familia. Radi haina kesi na mtu. Inatafuta kilicho kirefu au kilicho wazi: mkaratusi, mlingoti, mchezaji katikati ya uwanja, mkulima shambani. Mama mkwe akianza hayo, mjibu kwa heshima, lakini mjibu.

Kwa hiyo usifunike kioo na kuvua nguo nyekundu ukadhani uko salama. Ukiona mwanga, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, ingia ndani, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Chomoa televisheni, acha pasi, acha kuoga. Bajaji na kivuli cha mti si kimbilio, hata kama mvua na mpenzi vinanogesha.

Wikiendi hii chukueni mto wa kochi, wewe na mwenzio, mfanye mazoezi ya kukandamiza na kuhesabu mpaka 30. Mtacheka sana, najua. Chekeni tu, ili mradi mikono ijue kazi yake siku ikifika.

Tukutane mwezi ujao. Mpendane!